Kifafa na Vihatarishi Vyake: Mafunzo ya Utafiti Kutoka Mahenge hadi Kilifi

Miongoni mwa magonjwa ya mfumo wa fahamu yanayowakabili wakazi wa Afrika Mashariki, kifafa ndicho kinachohusishwa zaidi na laana ya ukoo, pepo na uchawi, ilhali utafiti uliofanywa katika vijiji vya kanda hii tangu miaka ya 1960 umebainisha kwamba mengi ya mambo yanayochochea ugonjwa huo ni ya kawaida na kinga yake inajulikana. Mambo hayo ni pamoja na uzazi wenye matatizo, malaria kali, minyoo, usubi na majeraha ya kichwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wanaishi na kifafa, kwamba karibu asilimia 80 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba takriban robo ya wagonjwa wote wangeweza kukingwa wasiupate kabisa.

Kifafa si ugonjwa mmoja wenye chanzo kimoja, bali ni hali ya ubongo inayoweza kuletwa na vyanzo vingi. Chembe za ubongo huwasiliana kwa mikondo midogo ya umeme, na pale kundi kubwa la chembe hizo linapotoa umeme kwa wakati mmoja bila mpangilio, mtu hupatwa na mshtuko wa kifafa, ambao huweza kuwa wa kuanguka, kukakamaa na kutetemeka mwili mzima, au ukawa wa kuduwaa tu kwa muda mfupi bila kuanguka. Kwa kawaida daktari hutamka kwamba mtu ana kifafa anapokuwa amepata angalau mishtuko miwili iliyopishana kwa zaidi ya saa 24 bila kichocheo cha papo kwa papo, kama vile homa kali au kushuka kwa sukari mwilini. Kwa sababu hiyo, degedege la mtoto mwenye homa halihesabiwi kuwa kifafa, ingawa degedege linalodumu muda mrefu au kujirudia mara nyingi katika homa moja huongeza uwezekano wa kupata kifafa baadaye.

Jambo lolote linaloongeza uwezekano wa mtu kupata ugonjwa huitwa kihatarishi. Kuwa na kihatarishi si sawa na kuwa na ugonjwa, kwa kuwa watoto wengi waliozaliwa kwa shida hukua wakiwa na afya njema, na wapo wagonjwa ambao hakuna kihatarishi chochote kinachogunduliwa kwao. Kazi ya utafiti wa kitabibu ni kulinganisha makundi ya watu kwa uangalifu ili kubaini ni mambo gani yanayoandamana na ugonjwa, na kisha kuchunguza kama mambo hayo ndiyo yanayouleta au yanaambatana nao tu.

Kutoka kuhesabu hadi kulinganisha

Hatua ya kwanza ni kuhesabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, katika Wilaya ya Ulanga mkoani Morogoro, akaona kwamba wagonjwa walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa na kwamba baadhi ya watoto walikuwa wakitikisa kichwa kwa kukiinamisha mara kwa mara kabla ya kupata mishtuko mikubwa. Miaka mingi baadaye, utafiti ulioongozwa na daktari Henry Rwiza na kuchapishwa mwaka 1992 uliwapima wakazi wapatao 18,000 wa vijiji 11 vya Ulanga, ukapata wagonjwa 207. Kiwango cha kifafa hai, yaani kile ambacho bado kinaleta mishtuko au kinatibiwa, kilikuwa watu 10.2 kwa kila 1,000, lakini kilitofautiana mno kati ya kijiji na kijiji, kuanzia 5.1 hadi 37.1. Tofauti hiyo ilikuwa dokezo muhimu, kwa maana vijiji vilivyo katika wilaya moja, ambavyo watu wake wanaoana na kula vyakula vinavyofanana, havingeweza kupishana kiasi hicho kama ugonjwa ungetokana na urithi wa damu peke yake.

Hatua ya pili ni kulinganisha wagonjwa na wasio wagonjwa. Utafiti mkubwa wa aina hiyo ulichapishwa mwaka 2013, nao ulihusisha maeneo matano ambayo wakazi wake huandikishwa na kufuatiliwa mara kwa mara: Kilifi nchini Kenya, Ifakara nchini Tanzania, Iganga na Mayuge nchini Uganda, Kintampo nchini Ghana, na Agincourt nchini Afrika Kusini. Wakazi 586,607 walihojiwa, na wagonjwa 1,711 wa kifafa hai cha kutetemeka mwili wakathibitishwa. Baada ya hesabu kurekebishwa, kiwango kilikuwa 7.8 kwa kila watu 1,000 Kilifi, 10.3 Iganga na Mayuge, na 14.8 Ifakara, ambacho kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Wagonjwa hao walilinganishwa na watu 2,032 wasio na kifafa kutoka katika maeneo yaleyale.

Kwa upande wa watoto, kihatarishi kilichojitokeza kwa nguvu zaidi ni matatizo ya mara baada ya kuzaliwa, yaani mtoto kushindwa kulia, kupumua au kunyonya, kwa kuwa uwezekano wa kuwa na kifafa miongoni mwa waliopitia hali hiyo ulikuwa karibu mara 10 ya uwezekano wa wenzao. Matatizo ya mama wakati wa ujauzito na jeraha la kichwa yaliuongeza kwa takriban mara mbili. Kwa watu wazima, vihatarishi vilivyobainika ni kulazwa hospitalini kwa malaria au homa, dalili katika damu kwamba mtu amewahi kuingiwa na minyoo ya usubi au ya mbwa, na pia vimelea vya toksoplasma, ambavyo huenezwa kwa kinyesi cha paka na nyama isiyoiva.

Mitego ya ulinganisho

Matokeo ya namna hiyo yanahitaji kusomwa kwa tahadhari, kwa kuwa kuandamana kwa mambo mawili hakuthibitishi kwamba moja limeleta jingine. Mtego wa kwanza ni kumbukumbu: mama ambaye mtoto wake ana kifafa hujiuliza mara nyingi ilikuwaje, na hivyo huweza kukumbuka shida za uzazi ambazo mama wa mtoto asiye na kifafa amekwisha kuzisahau. Mtego wa pili ni mpangilio wa wakati, kwa sababu jeraha la kichwa huweza kuwa chanzo cha kifafa, lakini pia huweza kuwa tokeo la kuanguka kwa mgonjwa ambaye tayari anacho. Mtego wa tatu ni jambo la tatu lililofichika nyuma ya mengine mawili, kama vile umaskini, ambao kwa wakati uleule huiweka familia mbali na kituo cha uzazi, karibu na maji yenye wadudu, na ndani ya nyumba isiyo na choo.

Njia mojawapo ya kuikwepa mitego hiyo ni kuwapima watu kabla hawajaugua, kisha kuwafuatilia. Hivyo ndivyo uhusiano wa usubi na kifafa ulivyopata uthibitisho wenye nguvu. Usubi ni ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana katika mito yenye maji yaendayo kasi, ambao humwachia mtu minyoo inayozaa vijiminyoo vingi chini ya ngozi, na unajulikana zaidi kwa kuleta muwasho na upofu. Katika bonde la mto Mbam nchini Kamerun, watoto wa umri wa miaka 5 hadi 10 walichukuliwa vipande vidogo vya ngozi kati ya mwaka 1991 na 1993 na vijiminyoo vyao vikahesabiwa. Watafiti waliporudi mwaka 2017 kuulizia hali za watoto wale, waligundua kwamba kadiri mtoto alivyokuwa na vijiminyoo vingi, ndivyo alivyokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuja kupata kifafa, na waliokuwa na mzigo mzito kabisa walifikia hatari ya takriban mara 28 ya wale ambao ngozi zao hazikuwa na kitu. Hapo sharti la wakati lilitimia, kwa kuwa minyoo ilitangulia, na sharti la kiasi pia likatimia, kwa kuwa hatari ilipanda pamoja na wingi wa vimelea.

Ushahidi mwingine hupatikana kwa kukiondoa kihatarishi na kuangalia kitakachofuata. Kaskazini mwa Uganda, katika wilaya kama Kitgum na Pader, ambako ugonjwa wa watoto kutikisa kichwa, kama ule ulioonekana Mahenge, ulikuwa umeenea sana, serikali ilianza mwaka 2012 kugawa mara mbili kwa mwaka dawa ya ivamektini, inayoua vijiminyoo vya usubi, na kunyunyiza dawa ya kuua viluwiluwi vya inzi mitoni, na wagonjwa wapya wakakoma kujitokeza. Ni kweli kwamba namna hasa vimelea hivyo vinavyoudhuru ubongo haijafafanuliwa, lakini kinga haihitaji kusubiri ufafanuzi huo. Suala linalohitaji kutazamwa ni kwamba ivamektini haitolewi kwa watoto walio chini ya miaka mitano, jambo linalofanya umezaji wa dawa kwa wakubwa wote wa kijiji na udhibiti wa inzi kuwa ndiyo ngao ya wadogo.

Minyoo ya nguruwe na malaria ya ubongo

Tegu wa nguruwe ni kihatarishi kingine kinachoeleweka vibaya. Anayekula nyama ya nguruwe isiyoiva hupata tegu anayeishi tumboni, lakini uvimbe mdogo wa maji unaojengeka ubongoni na kuleta kifafa hutokana na kumeza mayai ya tegu huyo, ambayo hutoka katika kinyesi cha binadamu na kuingia katika maji, mboga au mikono isiyonawiwa. Maana yake ni kwamba hata mtu asiyegusa nyama ya nguruwe maishani mwake anaweza kuathirika iwapo anayemwandalia chakula ana tegu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo ambako nguruwe hufugwa huria na vyoo ni haba, vimelea hivi vinahusika na takriban asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa. Wilayani Mbulu, kaskazini mwa Tanzania, Hospitali ya Kilutheri ya Haydom imekuwa mojawapo ya vituo muhimu vya utafiti wa tatizo hili.

Malaria nayo huacha athari baada ya homa kupoa. Utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba asilimia 9.2 ya watoto waliopona malaria iliyopanda kichwani walikuwa na kifafa, ikilinganishwa na asilimia 2.2 ya watoto ambao hawakuwahi kuugua malaria ya namna hiyo. Kwa hiyo chandarua chenye dawa, pamoja na kumfikisha mtoto kituoni mapema, vinaukinga ubongo wake kwa miaka mingi ijayo.

Pengo la tiba

Kwa wale ambao tayari wanaugua, tatizo kubwa ni kutofikiwa na tiba. Hadi asilimia 70 ya wagonjwa wanaweza kuishi bila mishtuko wakitumia dawa ipasavyo, na matibabu ya mwaka mzima huweza kugharimu chini ya dola tano za Marekani kwa dawa kongwe kama fenobabitali. Hata hivyo, watafiti walipopima dawa katika damu ya wagonjwa 673 wa Kilifi, waliona kwamba takriban asilimia 62 hawakuwa wakitibiwa, huku umbali wa zaidi ya kilomita 30 kutoka kituo cha afya, gharama za dawa na imani za jadi kuhusu chanzo cha ugonjwa vikiwa miongoni mwa sababu. Wilayani Hai mkoani Kilimanjaro, pengo hilo kwa watu wazima lilikuwa asilimia 68. Mgonjwa asiyetibiwa huweza kuungua motoni, kuzama majini na kufa mapema, naye anayetumia dawa asiiache ghafla kwa kuona nafuu, kwa kuwa mishtuko huweza kurudi kwa nguvu zaidi. Mwanamke anayetarajia kupata ujauzito anapaswa kuzungumza na daktari kuhusu aina ya dawa, kwani mojawapo, valproeti, huweza kumdhuru mtoto tumboni.

Anayemkuta mgonjwa katika mshtuko asimfunge wala kumtia kijiko au kitu chochote mdomoni, bali amwondolee vitu vya kumdhuru, amlegezee nguo za shingoni na kumlaza kwa ubavu. Mshtuko ukizidi dakika tano, au mgonjwa akipata mwingine kabla fahamu hazijamrudia, akimbizwe hospitalini. Msaidizi asiogope kumgusa mgonjwa, kwa kuwa kifafa hakiambukizi kwa povu, mate wala pumzi.

Kwa ujumla, utafiti huu wote unaonyesha kwamba vita dhidi ya kifafa haiwezi kuachiwa kliniki ya magonjwa ya fahamu peke yake, kwa kuwa sehemu yake kubwa iko mikononi mwa mkunga, bwana afya, mfugaji wa nguruwe na mgawa dawa wa kijiji. Wizara za afya za kanda hii zinapaswa kuhakikisha kwamba kila zahanati ina dawa za kifafa wakati wote na mtumishi anayejua kuzitumia, na kila familia yenye mgonjwa impeleke kituoni bila kumficha, kwa kuwa ugonjwa huu una tiba na kwa wengi una kinga.