Ratiba ya Matoleo ya Programu Huria na Nafasi ya Mfasiri

Programu huria ni programu ya kompyuta ambayo maandishi ya maagizo yake yako wazi, na kila mtu ana ruhusa ya kuyasoma, kuyatumia, kuyasahihisha na kuyagawa. Nyingi katika programu hizo zimeundwa na watu wa kujitolea walioenea katika nchi mbalimbali, wasio na bwana mmoja wala mshahara mmoja. Kila baada ya muda kazi yao hukusanywa, hukaguliwa, hupewa nambari, kisha hukabidhiwa watumiaji. Mkusanyo huo huitwa toleo. Makala haya yaeleza jinsi siku ya toleo ipangwavyo mahali ambapo hapana awezaye kuamuru, na kwa nini jambo hilo lawahusu wanaoshughulika na lugha.

Ziko njia mbili. Ya kwanza ni kungoja utimilifu: toleo halitoki mpaka liwe tayari. Hii ndiyo njia ya Debian, jamii ya kujitolea iliyoanzishwa mwaka 1993. Matoleo yake husifiwa kwa uthabiti, lakini gharama ya njia hiyo nayo ilionekana. Toleo la 3.0 lilitoka Julai 2002, na lililofuata halikutoka mpaka Juni 2005. Kungoja huzaa kungoja. Fundi ajuaye kwamba mlango ukifungwa hautafunguliwa tena karibuni hujitahidi kuiingiza kazi yake mapema, ijapokuwa haijaiva. Kazi mbichi huleta kasoro, na kasoro huisogeza siku mbele.

Mwaka 2006 baadhi ya watu wa Debian walikusanya fedha wawalipe wasimamizi wawili wa matoleo, ili toleo la 4.0 litoke Desemba mwaka ule. Wenzao wengine walichukizwa kuona wachache wakilipwa katika kazi ifanywayo na wengi bila ya malipo, na baadhi yao walipunguza juhudi. Toleo lilitoka Aprili 2007. Katika kazi ya kujitolea fedha haikuweza kushika mahali pa ridhaa. Baadaye Debian ilishika desturi ya kutangaza mapema siku ya kufunga mlango, ingawa siku ya kutoka ingali yangoja utimilifu. Na tangu 2011 matoleo yake yamefuatana kwa muda wa miaka miwili hivi.

Njia ya pili ni kufuata kalenda. Mfano wake ni GNOME, kazi iliyoanza mwaka 1997, ambayo huunda madirisha, vitufe na orodha za amri azionazo mtumiaji juu ya kioo cha kompyuta. Tangu mwaka 2003 matoleo yake hutoka kila baada ya miezi sita, aghalabu Machi na Septemba. Kazi iliyo tayari huingia, na isiyo tayari hungoja toleo lijalo. Ndivyo majahazi yalivyosafiri kwa kusi na kaskazi: upepo haukumngoja mwenye shehena, wala aliyechelewa hakukata tamaa, maana alijua kwamba msimu mwingine utakuja. Toleo kubwa la 3.0 lilitazamiwa Machi 2010, likasogezwa hadi Septemba, kisha likatoka Aprili 2011. Walakini watumiaji hawakuachwa mikono mitupu, kwa kuwa matoleo ya 2.30 na 2.32 yalitoka katika misimu yake.

Hapa ndipo ilipo siri ya ratiba. Msimamizi hawezi kumwambia mtu wa kujitolea, "Maliza." Awezalo ni kusema, "Baada ya siku hii hakiingii kipya." Ratiba basi si amri ya kutenda, bali ni utaratibu wa kufunga milango, mmoja baada ya mwingine. Kwanza hufungwa mlango wa mambo mapya. Kisha wa sura ya programu. Kisha wa maneno yasomwayo na mtumiaji. Na mwisho wa maagizo yenyewe, isipokuwa kwa kuondoa kasoro kubwa.

Mlango wa maneno ni ngao ya mfasiri. Katika faili za tafsiri kila sentensi ya Kiingereza huwekwa pamoja na tafsiri yake. Sentensi ikibadilishwa, hata kwa neno moja, tafsiri ya zamani huhesabiwa kuwa ya mashaka, wala haitumiki mpaka mfasiri aithibitishe. Na mahali pake mtumiaji huona Kiingereza. Fundi anyooshaye sentensi siku mbili kabla ya toleo, kwa nia njema kabisa, huiondoa tafsiri yake katika lugha zote kwa mara moja. Lugha yenye wafasiri wengi huliziba pengo upesi. Lugha yenye wawili hubaki na pengo hilo mpaka toleo lijalo. Ndiyo sababu katika GNOME atakaye kubadili maneno baada ya mlango kufungwa hana budi kuomba ruhusa ya wafasiri.

Kiswahili kina habari yake katika jambo hili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyofasiriwa kwa Kiswahili. Oktoba 2005 programu ya asili ilitoa toleo la 2.0, lenye sehemu mpya ya kuhifadhi na kupanga kumbukumbu, pamoja na istilahi zake. Kazi iliyokamilika mwaka mmoja ilikuwa na upungufu mwaka uliofuata, bila ya kosa la mfasiri yeyote.

Yafuata kwamba tafsiri ya programu si kama tafsiri ya kitabu, ambayo ikipigwa chapa hukaa. Ni kama shamba, ambalo palizi yake hurudi kila msimu. Muda baina ya kufungwa kwa maneno na kutoka kwa toleo ni wa majuma machache tu. Hautoshi kujadili istilahi, watosha kuzitumia. Basi istilahi hazina budi kuundwa na kukubaliwa mapema, nje ya msimu, ili mlango ufungwapo mfasiri awe na neno mkononi.