Butembo na Beni: kwa nini samaki wa etangi hawakui sawasawa?

Alevini za tilapia zikigawanywa mara mbili siku moja, nusu zikaingia etangi ya Beni na nusu etangi ya Butembo, nyuma ya miezi 6 mavuno hayatalingana. Wa Beni wanaweza kujaa sahani. Wa Butembo, wengi bado wanalingana na vidole. Hapo njo maneno yanaanza: muuzaji wa alevini alidanganya, jirani ana roho mbaya, ao etangi imelogwa. Mara nyingi sababu iko ndani ya maji yenyewe.

Jambo hili linagusa mfuko na chungu. Samaki wengi tunaokula wanatoka ziwa Edward, Kyavinyonge na Vitshumbi, ao ni chinchard wa friji kutoka mbali. Barabara ikifungwa juu ya vita, bei inapanda palepale. Ndiyo maana watu wanachimba etangi kwenye mabonde. Lakini mwenye kutoa feza na jasho lake anataka kujua: samaki anakua kwa muda gani?

Ndani ya maji ya joto, akiwa na chakula cha kutosha, tilapia wa gramu 10 anaweza kupita gramu 200 nyuma ya miezi 6. Ndani ya maji ya baridi, uzito huo unaweza kuomba mwaka mzima, na pengine zaidi.

Baridi ya milima

Samaki hana joto lake mwenyewe kama kuku ao mbuzi. Mwili wake unafuata joto la maji. Tilapia anapenda maji ya digri 26 hadi 30. Chini ya 20 anakula kidogo sana. Yakikaribia 16, anaacha kula.

Beni iko karibu metre 1.100 juu ya bahari, Butembo inapita 1.700. Kila mtu akipanda metre 1.000, joto linashuka karibu digri 6. Kwa hiyo kati ya miji hii miwili, inayotengana kwa zaidi kidogo ya kilometre 50, kuna tofauti ya digri 3 ao 4. Kwa mtu ni koti moja tu. Kwa tilapia ni miezi mingi.

Mfugaji wa Butembo hawezi kushusha mlima, lakini anaweza kulinda joto kidogo alilo nalo. Kosa linaloonekana sana ni kuacha maji ya kijito yaingie na kutoka mchana na usiku. Maji hayo ni baridi, tena yanabeba mbolea yote. Inafaa kufunga mlango wa maji, na kufungua tu kwa kurudisha yaliyopunguka. Etangi iwe na kina cha karibu metre moja, maana maji mafupi yanapoa haraka usiku. Tena isifunikwe na kivuli cha mikaratusi.

Wengi mno ndani ya maji kidogo

Watu wanaofuga samaki wa mapambo ndani ya vioo wanazoea kusema samaki anakua kufuatana na chombo chake. Samaki hapimi kuta. Ila maji kidogo yanachafuka haraka kwa mavi yake, hewa inapunguka, naye anadumaa.

Kwa tilapia shida inazidi, juu anazaa mapema. Jike anaweza kuanza kuzaa akiwa na gramu 30 tu. Anabeba mayai mdomoni, na wakati huo hali. Nyuma ya wiki chache anarudilia. Mtu aliweka samaki 400, kiisha miezi michache ana maelfu wanaogombania pumba ileile. Ndiyo maana dume anakua kupita jike, na wafugaji wengine wanachagua madume tu kwa mkono kabla ya kuyaweka.

Kipimo cha kuanzia ni samaki 2 kwa metre moja ya mraba: etangi ya metre 10 kwa 20 inaomba 400. Wengine wanaongeza kambale wachache (samaki, si mtoto wa pili wa kiume!) ili wale vitoto vinavyozidi. Lakini kambale waingie wakiwa wadogo kuliko tilapia, la sivyo watakula hata mtaji.

Muangalie pia alevini kabla ya kulipa. Samaki kutoka etangi iliyojaa sana anaweza kuwa mzee aliyedumaa. Kichwa na macho makubwa kwa mwili mdogo, ao mayai mdomoni mwa samaki wa urefu wa kidole, ni alama mbaya.

Chakula na rangi ya maji

Maji meupe hayana chakula. Mavi ya kuku, ya mbuzi ao ya ng'ombe yanaleta rangi ya kijani, na kijani hicho njo chakula cha kwanza cha tilapia. Ingiza mkono mpaka kiwiko. Ukiona bado vidole vyako, ongeza mbolea. Vikipotea maji yakifika kiwiko, ni sawa. Vikipotea mapema, maji yakiwa bado kwenye kifundo cha mkono, mbolea imezidi.

Juu ya hayo mtu anaongeza pumba ya mahindi ao ya mchele, majani ya viazi, mchwa, mabaki ya pombe. Butembo, ni vizuri kulisha jua likiisha kupasha maji, karibu saa 4 za asubui na saa 9 za mchana. Chakula cha saa 12 asubui kinaoza chini. Na kama asubui samaki wanapanda juu kutafuta hewa, usilishe siku hiyo. Fungua maji mapya.

Kila mwisho wa mwezi, vua samaki 20, uwapime pamoja kwenye kilo, kiisha uandike. Uzito ukikaa palepale miezi 2, usingoje mwezi wa 6 ili kumutafuta mchawi: pima joto, hesabu samaki, na ingiza mkono ndani ya maji.