JIMMIE RODGERS: MFANYAKAZI WA RELI ALIYEIMBA HADI PUMZI YA MWISHO



Hapa mpakani, Busia na Tororo, wazee wengi wanalijua jina la Jim Reeves, kwani nyimbo zake zimepigwa redioni miaka mingi. Lakini anayeitwa baba wa muziki huo wa kantri ni mtu mwingine aliyemtangulia, naye alikuwa mfanyakazi kama sisi. Jina lake ni Jimmie Rodgers. Tumeona vema tueleze maisha yake, kwa kuwa ugonjwa uliomtoa kazini na kumwua ungali unawatoa wenzetu kazini hadi leo.

Kazi ya reli

Rodgers alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897, huko Mississippi, Marekani. Mama yake alifariki angali mtoto. Baba yake alikuwa msimamizi wa genge la watengenezaji wa reli, na kijana alianza kazi kwa kuwapelekea maji watu wa genge. Wengi wao walikuwa Wamarekani weusi, na kwao ndiko alikosikia nyimbo za kazi ambazo baadaye zilitia nguvu muziki wake.

Alipokua akawa mfunga breki wa gari moshi. Ni kazi ya kuunganisha na kukata mabehewa, juani na mvuani, katika moshi wa makaa. Wenzetu wa Tororo hawahitaji maelezo marefu. Reli itokayo Kenya kupitia Malaba hugawanyika mjini mwao, njia moja ikielekea Kampala na nyingine Mbale na Soroti, na watu wengi wa huko wamekula jasho la mabehewa.

Mwaka 1924, akiwa na umri wa miaka 27, Rodgers alionekana ana kifua kikuu. Wakati huo hapakuwa na dawa ya kuuponya. Streptomaisini iligunduliwa mwaka 1943. Kazi ya reli ikamshinda, naye ana mke na mtoto. Basi akashika gitaa ili alishe nyumba yake.

Santuri

Tarehe 4 Agosti 1927, katika mji wa Bristol, kampuni ya Victor ilirekodi nyimbo zake mbili za kwanza. Mwezi wa Novemba akarekodi ule wa "Blue Yodel", na jina lake likaenea Marekani nzima. Watu walipenda jinsi alivyoivunja sauti kooni, ikaruka juu na kushuka. Mwaka 1930 alirekodi pamoja na Louis Armstrong, mpiga tarumbeta mweusi, katika siku za ubaguzi mkali. Katika muda usiozidi miaka 6 alirekodi nyimbo zaidi ya 100. Nyingine alitunga mwenyewe, nyingine alisaidiwa na shemeji yake, Elsie McWilliams.

Ugonjwa haukumwacha. Mwaka 1931 aliuimba waziwazi katika wimbo wa "T.B. Blues". Mwezi wa Mei 1933 alikwenda New York kurekodi tena, akawekewa kitanda ili apumzike kati ya wimbo na wimbo. Alifariki tarehe 26 Mei, mwenye umri wa miaka 35, na maiti yake ikarudishwa kwao kwa gari moshi.

Chemirocha

Sauti yake ilivuka bahari kwa santuri za kuzungushwa kwa mkono. Mwaka 1950, Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alifika kwa Wakipsigis, nchi ya Kericho yenye mashamba ya chai. Aliwakuta wana nyimbo za mtu aitwaye Chemirocha. Huyo ndiye Jimmie Rodgers! Wasichana wakiongozwa na Chemutoi Ketienya walimwimbia kwa zeze la kwao, wakimwalika acheze. Kwa maelezo ya Tracey, walimdhania kuwa nusu mtu, nusu paa.

Tusiwacheke. Walichukua sauti ngeni wakaifanya yao, kama vile Waiteso wa pande zote mbili za mpaka wetu wanavyoweza kuutia wimbo wowote katika akogo. Rekodi hizo zilirudishwa Kipsigis mwaka 2015, miaka 65 baada ya kuchukuliwa.

Linalotuhusu

Sasa kifua kikuu kina dawa, nayo hutolewa bure katika hospitali za serikali za Kenya na Uganda. Humezwa miezi 6 bila kukatiza. Lakini tazameni sheria zetu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi aliyetimiza miezi 2 kazini angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara, kwa mwaka. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 humpa mshahara kamili mwezi wa kwanza, lakini ugonjwa ukiendelea hadi mwisho wa mwezi wa pili, mwajiri anaruhusiwa kumwachisha kazi. Wagonjwa wengi hupata nguvu kabla dawa hazijaisha, ila si wote. Ndiyo maana wengine huficha kikohozi, wakawaambukiza wenzao mashineni na nyumbani.

Sheria imeweka kiwango cha chini tu. Mkataba wa pamoja waweza kukipandisha. Wawakilishi wa matawi, yadaini siku za ugonjwa zinazotosha matibabu, na kinga dhidi ya vumbi la mawe, maana vumbi hilo huidhoofisha mapafu na kuufungulia ugonjwa mlango.

Nawe ndugu, ukikohoa wiki 2, nenda ukapimwe makohozi. Ukihamia kazi ng'ambo ya mpaka, chukua barua ya hospitali ili dawa zisikatike. Rodgers hakupata dawa hata alipokuwa na jina na fedha. Sisi tunayo, tusiipoteze kwa kuogopa kufukuzwa.

Umoja ni nguvu!