Je, Wajua? Haki za Anayemtunza Ndugu Mwenye Ulemavu Uingereza

Mama amepooza, umehamia kwake kumtunza. Nchini Uingereza kazi hiyo ina posho yake, iitwayo Carer's Allowance. Yajue haya kabla hujaacha ajira.

Je, wajua kwamba vuguvugu la watunzaji lilianzishwa na mchungaji? Mchungaji huyo, Mary Webster, aliacha kazi mwaka 1954 awatunze wazazi wake. Mwaka 1963 akaandikia magazeti, na wanawake wengi wenye mzigo kama wake wakamjibu.

Je, wajua kwamba posho ilipoanza mwaka 1976, mwanamke mwenye mume hakuruhusiwa kuipata? Ilidhaniwa kwamba huyo angekaa nyumbani tu.

Je, wajua aliyelivunja katazo hilo? Ni Jacqueline Drake. Mwaka 1984 mama yake, mwenye ulemavu mkubwa, alihamia kwake, naye akaacha kazi ili amtunze. Aliponyimwa posho alishtaki, na Juni 1986 Mahakama ya Ulaya ikampa haki.

Je, wajua kwamba wa kwanza kuomba ni mgonjwa, si wewe? Ni lazima yeye awe anapata malipo ya ulemavu yanayokubalika, kama vile PIP (Personal Independence Payment) ya mahitaji ya kila siku, au Attendance Allowance kwa wazee.

Je, wajua kwamba si lazima muwe ndugu wala muishi nyumba moja? Sharti ni uwe na miaka 16 au zaidi na umtunze angalau saa 35 kwa wiki. Kupika, kufua na kumpeleka hospitali, vyote huhesabiwa.

Je, wajua kwamba Aprili 2025 posho ilifika pauni 83.30 kwa wiki, na kikomo cha mshahara baada ya makato kikawa pauni 196? Ukikizidi hata kwa pauni moja, posho yote ya wiki hiyo inapotea. Toa taarifa mapema, la sivyo utadaiwa.

Je, wajua kwamba posho yako inaweza kumpunguzia mgonjwa nyongeza anayolipwa kwa ulemavu mkubwa? Pata ushauri kwanza.

Je, wajua kwamba kila wiki ya posho kwa kawaida hukuhesabia mchango wa pensheni ya serikali? Hata ukiwa huna ajira, uzee wako unawekewa akiba.

Je, wajua kwamba mwenye viza inayokataza misaada ya umma kwa kawaida hawezi kuidai posho hii? Chunguza viza yako kabla ya kujaza fomu.

Je, wajua kwamba kwa sheria ya mwaka 2014, halmashauri za England zinapaswa kutathmini mahitaji ya mtunzaji mwenyewe, bila malipo, hata kama hapati posho? Omba tathmini hiyo ungali na nguvu. Afya yako nayo ni sehemu ya matunzo ya mama.