Kichwa cha Prosija na Wanaokiita

Kila prosija ina kichwa na mwili. Kichwa hutaja jina lake, vitu inavyopokea (parameta) na aina ya jibu inalotoa. Mwili ndio unaofanya kazi. Wizadi, yaani zana za kukuongoza, za vihariri vya msimbo zilianza kwa kuwarahisishia watu kuandika kichwa. Katika Visual Basic 6 ya mwaka 1998, dirisha dogo lilikuuliza jina la prosija, aina yake, na kama iwe wazi kwa programu nzima au ya ndani tu. Ukibonyeza kitufe, mistari ya mwanzo na ya mwisho inajiandika. Delphi 4, ya mwaka huohuo, ilikwenda mbali zaidi: ukiandika kichwa ndani ya tangazo la klasi kisha ukabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, ilikuandalia mwili mtupu mahali pake.

Hayo yote yanakuokolea dakika chache tu. Shida kubwa huja baadaye, kichwa kinapobadilika.

Tuchukue mfano wa Voi, mji ambao vito kutoka Kasigau na Mgama hufika kutafuta wanunuzi. Tsavoriti, jiwe la kijani ambalo mwanajiolojia Campbell Bridges alilipata upande huu wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kampuni ya vito ya Tiffany ikaliingiza sokoni mwaka 1974 kwa jina linalotokana na Tsavo, huuzwa kwa karati. Karati moja ni gramu 0.2. Tuseme fundi ameandika prosija iitwayo ThamaniYaJiwe, inayopokea uzito na bei ya karati moja. Inaitwa kwenye stakabadhi, kwenye ripoti ya mwezi, kwenye daftari la wachimbaji. Mteja anakuja na ombi: ubora wa rangi nao uhesabiwe. Kichwa sasa kinahitaji parameta ya tatu, na kila mahali palipoiita panakuwa na kosa.

Wizadi za zamani hazikuwa na msaada hapo. ClassWizard ya Visual C++ ilijaribu kutunza ilichokiandika kwa kuweka alama maalumu ndani ya msimbo. Ukigusa kwa mkono kilichomo kati ya alama hizo, ingeweza kupoteza njia. Ilikuwa ikisoma alama zake yenyewe, haielewi programu.

Mwanga ulitoka kwingine. Mwaka 1992, katika Chuo Kikuu cha Illinois, William Opdyke aliandika tasnifu iliyoeleza masharti ya kutimizwa kabla ya kubadilisha msimbo ili tabia ya programu isibadilike. John Brant na Don Roberts wakatengeneza zana ya kufanya hivyo kwa lugha ya Smalltalk, na kihariri cha IntelliJ IDEA, kilichotoka mwaka 2001, kikaileta kwa waandishi wa Java. Kihariri cha aina hii hujenga mti wa programu nzima, hivyo kinajua ni ThamaniYaJiwe ipi inayoitwa wapi, hata kama klasi nyingine ina prosija yenye jina hilohilo. Ukiongeza parameta ya rangi, kinapita kila mahali na kurekebisha.

Ila kitakuuliza swali moja: kule inakoitwa, niweke thamani gani? Swali hili ndilo kiini cha sura hii, nami naliona kuwa zito kuliko yote yaliyotangulia. Ukijibu 1 kwa haraka, kila jiwe, hafifu na bora, litapewa daraja moja, programu itakubali, na mchimbaji atalipwa visivyo. Vivyo hivyo kwa uzito. Gramu na karati zote ni namba kwa kihariri. Pakipitishwa gramu panapotakiwa karati, thamani inashuka mara tano, na zana itahamisha kosa hilo kwa uaminifu mkubwa katika kila badiliko.

Dawa ipo, nayo inaanzia kwenye kichwa. Fundi atengeneze aina mbili tofauti, Karati na Gramu, badala ya kuacha uzito uwe namba tupu. Kisha aiambie zana ibadilishe aina ya parameta, asikubali ijaze chochote yenyewe, na kompaila imsimamishe kila mahali hadi aseme uzito ule ulipimwa kwa kipimo gani.