Lugha, Ukoo na Urejeshaji wa Utu miongoni mwa Wazigua wa Bonde la Juba

Orlando Patterson (1982) anaufafanua utumwa kuwa kifo cha kijamii: mtumwa hutenganishwa na wazazi na wahenga wake, akahesabiwa kuwa mtu asiye na ukoo. Kwa mtazamo huo, kukomeshwa kwa utumwa kisheria hakutoshi kurejesha utu, mzawa wa mtumwa hubaki akidaiwa jibu la swali "wewe ni wa nani?" Makala haya yanafafanua namna Wazigua wa Somalia walivyolijibu swali hilo.

Katika karne ya 19, watu kutoka maeneo ambayo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi walisafirishwa kwa majahazi hadi pwani ya Benadir na kulimishwa mashamba ya bonde la Shabelle. Masimulizi ya Wazigua yanaeleza kwamba wahenga wao waliondoka kwao wakati wa njaa, wakilaghaiwa kwa ahadi ya kazi na chakula. Masimulizi hayo humtaja mwanamke aitwaye Wanankhucha kuwa ndiye aliyewaongoza waliotoroka. Walifanya makazi katika misitu ya mto Juba, eneo lijulikanalo kama Gosha, na huko walidumisha Kizigua pamoja na hesabu ya ukoo wa kuumeni na kikeni. Wengi wa wenye asili ya Kiyao, Kimakua na Kinyasa, kinyume chake, walichukua lugha za Kisomali na kujiunga na koo za majirani zao.

Uhuru huo haukuondoa dharau. Wote waliitwa *jareer*, yaani wenye nywele ngumu, na hata *adoon*, yaani mtumwa. Vita vilipozuka mwaka 1991, wakulima hao walikuwa na maghala ya nafaka bila ukoo wenye silaha wa kuwakinga. Waliporwa na kuuawa, na maelfu wakakimbilia Kenya na Tanzania. Jina "Wasomali Wabantu" lilienea wakati huo kupitia mashirika ya misaada. Lilifungua njia ya hifadhi, ikiwemo Marekani, lakini halikutokana na masimulizi ya wahusika wenyewe.

Waliofika Tanzania walipewa makazi Chogo, wilayani Handeni, katika nchi ya Wazigua, na baadaye wengi wao walipewa uraia. Hapo maana ya lugha yao iligeuka. Kizigua, kilichokuwa alama ya utumwa Somalia, kilikuwa ushahidi wa udugu Handeni. Aliyehesabiwa kuwa hana ukoo alisikilizwa na kueleweka na watu wa ukoo wake.

Hata hivyo, kisa hiki hakipaswi kugeuzwa kipimo cha wote. Lugha ikifanywa sharti la kutambuliwa, wazawa wa Wayao na Wamakua wa Gosha, ambao utumwa uliwapokonya zaidi, watanyimwa haki mara ya pili kwa sababu ya hasara ileile. Hivyo basi, ni muhimu kutofautisha mambo mawili: utambulisho, ambao huweza kuthibitishwa kwa lugha, ukoo na masimulizi, na utu, ambao hauhitaji ushahidi. Wazigua walirejesha cha kwanza kwa kukihifadhi. Cha pili hakikuwahi kuwa mali ya bwana yeyote, na jamii inayodai kithibitishwe ndiyo inayoendeleza utumwa.