Fahamu: Sayyida Salme, binti wa Sultani aliyezikwa Hamburg

Katika mji wa Ibra, Oman, hakuna asiyewajua watu wa ukoo wa Waharithi. Mwaka 1859 jamaa zao wa Zanzibar walimuunga mkono Barghash alipotaka kumpindua kaka yake, Sultani Majid. Barua za uasi ziliandikwa na Salme, dada wa Barghash na Majid, binti wa Sultani Sayyid Said na suria Mcherkasi, Jilfidan. Salme alikuwa na miaka 15. Kuandika alijifunza kwa siri, akinakili aya za Qur'ani kwenye mfupa wa bega la ngamia. Kwangu mimi, ujasiri wake wote ulianzia hapo. Mwaka 1866 alitoroka akiwa mjamzito, akabatizwa na kuolewa Aden na Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani. Mume akafa 1870, akamwachia watoto watatu wadogo. Salme alifariki Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg pamoja na mchanga wa Zanzibar aliouhifadhi.